Ng'ombe wa Picha ya Kumi na Saba

"Nimekuuliza mara mbili hii picha umeitoa wapi. Hii ni mara ya tatu. Ya nne sitauliza, nitapiga kelele ukumbi mzima usikie."

"Mama Koku, tafadhali, punguza sauti. Kuna watoto hapa."

"Watoto! Na huyu wangu ni nini, mkungu wa ndizi?"

Protase, mtayarishaji wa kipindi, alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa na pa kurudi zaidi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kidogo, na Benitha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au aliyekuta limeshafungiwa maandazi, mambo yalisimama hivi. Kokubanza, binti wa Benitha, wa miaka kumi na moja, kutoka Mabira, amefika fainali ya "Kumbuka Ushinde", ule mchezo wa runinga ambao watoto huonyeshwa picha thelathini kwa dakika moja, kisha huzitaja moja baada ya nyingine bila kutazama. Fainali ni leo saa tisa alasiri, hapa Omurushaka, na inarushwa moja kwa moja.

Asubuhi kwenye mazoezi alitaja picha kumi na sita bila kumeza mate. Ya kumi na saba ilikuwa picha ya ng'ombe.

"Bugondo," alisema Kokubanza.

Mwamuzi akabonyeza kengele ya kosa. Jibu sahihi, ng'ombe.

"Siyo kosa," mtoto akasema. "Huyu ni Bugondo wetu. Aliondoka na baba."

Hapo ndipo tulipoishia, na hapo ndipo Benitha alipomfuata Protase mpaka humu chumbani. Maana baba wa Kokubanza, Projest, alizikwa miaka mitatu iliyopita. Alitoka nyumbani asubuhi kumpeleka Bugondo joshoni, yeye na mdogo wake Mwesiga. Jioni Mwesiga alirudi peke yake, amelowa hadi kichwani. Mto ulikuwa umefurika, alisema. Umewachukua wote wawili, mtu na ng'ombe. Amewaona kwa macho yake.

Mtu aliopolewa siku ya nne. Ng'ombe hakuonekana.

Mpaka leo asubuhi.

"Nasubiri," alisema Benitha.

"Picha nimeletewa na mfadhili," Protase akasema haraka. "Bwana Adelard. Imepigwa kwenye ranchi yake mwezi uliopita. Umeridhika?"

"Mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita. Mpiga picha ni wetu."

Benitha akakaa kwenye kiti. Halafu akasimama tena, kwa sababu kukaa hakukusaidia.

Adelard. Ranchi yake imepakana na Mabira. Uzio wake unatembea sambamba na njia ya watoto wa shule. Na Mwesiga, wiki mbili tu baada ya matanga, alipata kazi kwa Adelard huyo huyo, kazi ya usimamizi, na pikipiki juu. Benitha alikwenda mwenyewe kushukuru. Alipeleka na kuku.

"Iondoe," alisema.

"Haiondoki. Picha nyingine zote zinabadilishwa leo, ila ya mfadhili inabaki, na namba yake ni kumi na saba. Ndiyo mkataba. Mama, hebu tuwe wakweli. Ng'ombe ni ng'ombe. Miguu minne na mkia. Mtoto amemfananisha."

"Wewe kwenu Bukoba mjini?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Kokubanza alikuwa pembeni, amekaa kwenye benchi, sare yake ya shule imepigwa pasi mpaka inang'aa. Tangu akiwa na miaka mitano amechunga ng'ombe kabla ya shule na baada ya shule. Kwao hakuna kitu kinachoitwa ng'ombe tu. Kila mmoja ana jina lake kwa rangi yake, na mwenye madoadoa ni Bugondo, na hata Bugondo kumi wakichanganywa malishoni, mtoto wa Mabira atamtoa wa kwao kama mama anavyomtoa mwanawe kwenye foleni ya uji.

"Ana madoa tisa ubavu wa kulia," alisema Kokubanza kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma ubaoni. "La tano na la sita yamegusana. Sikio la kushoto lina pengo, aling'atwa na mbwa wa mzee Karekezi. Pembe ya kulia imepita ya kushoto kwa kiganja. Kiganja cha baba, siyo changu."

Protase alicheka kidogo. Akatoa simu, akaifungua ile picha, akaivuta kwa vidole viwili ikakua.

Akaanza kuhesabu huku midomo ikicheza.

Alipofika mwisho hakuwa anacheka. Akarudia kuhesabu.

"Tisa," alisema.

"La tano na la sita?" akauliza Benitha.

Protase aliivuta picha upande wa kichwa. Alikuwa akitazama sikio.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

"Hodi, hodi! Ndiyo huku kwa mabingwa?"

Bwana Adelard alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Koti la kijivu, viatu visivyojua tope, na mkononi chupa ya soda ya baridi. Alimpita Benitha kama anayepita samani, akainama mbele ya mtoto.

"Shikamoo," alisema Kokubanza.

"Marahaba, binti. Kumbe ndiyo wewe mwenye kichwa! Shika soda." Akanyooka taratibu. "Nimeambiwa umepata shida kidogo na ng'ombe wangu."

"Hajapata shida," Benitha akasema. "Amemtambua."

"Mama, poleni sana. Yaliyowapata ni makubwa, na mtoto bado anamtafuta baba yake kila mahali. Lakini hebu tujiulize. Kina Bugondo wako wangapi Kyerwa nzima? Kila boma lina Bugondo wake."

"Jina nani kakutajia?"

Adelard akatabasamu. "Nimeambiwa tu."

Waliolisikia jina lile asubuhi walikuwa watano. Mtoto. Benitha mwenyewe. Protase. Mwamuzi, ambaye alikuwa ndani ya ukumbi akinywa chai na hajatoka. Na Mwesiga, aliyewaleta kwa pikipiki, aliyekuwa amesimama mlangoni, na ambaye baada ya neno lile hakuonekana tena.

"Binti," Adelard akaendelea, "shuleni unakwenda kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Ile njia ya migombani, inayokata kwenye uzio wangu, halafu inashuka bondeni?"

"Ndiyo hiyo."

"Ndefu," alisema Adelard. Akamgusa kichwani, taratibu, kwa kidole kimoja. "Ndefu sana kwa mtoto. Na asubuhi kuna ukungu. Mimi hata vijana wangu nawaambia, jamani, ukungu ule mtu anaweza kupotea hatua mbili tu kutoka njiani." Akamgeukia Benitha. "Mwambie aseme ng'ombe, mama. Ashinde. Sekondari ya bweni mpaka kidato cha sita, kila kitu juu yangu. Akikosea picha moja, nafasi inakwenda kwa yule mshindani wake, binti wa Kiruruma. Utajisikiaje?"

Akatoka. Aliacha mlango wazi.

Soda ilikuwa bado mkononi mwa Kokubanza. Benitha akaichukua, akakitazama kizibo chake, akaimimina yote kwenye ndoo ya kudekia.

"Mama! Ilikuwa baridi!"

"Nitakununulia nyingine."

Benitha hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa na kitu kichwani ambacho mtu mwenye ranchi hataki kiwepo. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi kiasi hicho. Alimshika Kokubanza mabega.

"Nisikilize. Ukifika kumi na saba, sema ng'ombe."

"Ni uongo."

"Bugondo ni kuku?"

"Hapana."

"Ni mbuzi?"

"Mama!"

"Basi ni ng'ombe. Sema ng'ombe, uendelee na ya kumi na nane, na usimtazame mtu yeyote usoni. Umenielewa?"

Kokubanza alimtazama mama yake kwa yale macho ya baba yake.

"Nimeelewa," alisema. "Lakini sijakubali."

"Kukubali utakubali ukiwa na watoto wako."

Akamwacha na Vero, mtangazaji wa kipindi, aliyekuwa amekuja kumfunga mtoto kipaza sauti kwenye kola. Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Mwesiga alikuwa nyuma ya ukumbi, karibu na jenereta, kofia ya pikipiki mkononi. Jenereta lilikuwa linanguruma, na yeye alikuwa amesimama karibu nalo kama anayetaka limzibe masikio.

"Shemeji," alisema kabla hajaulizwa. "Mwambie mtoto aseme ng'ombe."

"Na wewe pia! Mmefundishwa shule moja?"

"Nakuomba, shemeji."

"Mwesiga, siku ile uliuona mto ukimchukua kaka yako?"

"Niliuona mto."

"Sikukuuliza mto."

Mwesiga akaigeuza kofia mkononi. Jenereta likaendelea.

"Ng'ombe je? Uliniambia uliwaona wote wawili. Ulisimama mbele ya jeneza ukasimulia. Wazee walilia. Mimi nilikupa koti la marehemu ulivae kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Uliona ng'ombe akizama?"

Mwesiga aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda, jambo ambalo Benitha hakuwahi kuliona mpaka saa ile. Kazi nzuri, pikipiki nzuri, na mashavu yameingia ndani.

"Walitukuta njiani," alisema hatimaye. "Walikuwa wanne. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama kukojoa. Nikasikia kaka anasema, huyu hauzwi. Anasema, nimeshakwambia huyu hauzwi. Halafu... shemeji, nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Nani? Nani aliambiwa hauzwi?"

Mwesiga akageuka kutazama uwanja wa mbele. Gari jeupe la Adelard, lile refu lenye vioo vyeusi, lilikuwa limeegeshwa limetazama barabara, na dereva ndani.

"Msipande lile gari," alisema.

"Gari gani? Nani amesema tunapanda gari?"

"Atasema. Basi la mwisho la kurudi kwetu Kyerwa linaondoka saa kumi, na kipindi kinakwisha saa kumi na nusu. Amepanga, na mimi nimekatazwa kuwarudisha kwa pikipiki. Nimewasikia wakiongea ndani ya gari asubuhi hii, baada ya mimi kuwaambia..."

Alijua amesema nini.

"Baada ya wewe kuwaambia," Benitha akarudia.

Kofi alilompiga lilisikika juu ya jenereta. Mwesiga hakuinua hata mkono kujikinga.

"Niliwaambia ili wasisikie kwa mwingine," alisema, shavu limeshika moto. "Nilidhani watacheka. Hawakucheka, shemeji. Hakuna aliyecheka."

Ndani, Vero alikuwa anahesabu kurudi nyuma. Kumi. Tisa. Nane.

Benitha alikimbia.

Angeweza kumtoa mtoto. Mlango ulikuwa ule pale. Lakini nje pangekuwa na nini? Barabara, kilomita nyingi, na gari linalozijua zote. Alifika kiti chake cha mstari wa pili wakati taa za jukwaa zinawaka. Ukumbi umejaa, wazazi, walimu, wauza maduka wa Omurushaka waliofunga mapema. Mstari wa mbele, katikati, mgongo mpana wa koti la kijivu.

Picha zikapita kwenye skrini kubwa. Dakika moja. Giza. Kokubanza akafumba macho.

"Jembe. Taa ya chemli. Kikapu. Kobe. Daraja. Buni kwenye ungo..."

Alikuwa anakwenda kama maji. Binti wa Kiruruma, aliyetangulia, alikuwa ameishia ishirini na saba, na walimu wake walikuwa wameanza kushikana mikono kwa wasiwasi.

"...Ngoma. Mwamvuli. Saa ya ukutani."

Hiyo ilikuwa ya kumi na sita.

Kokubanza akafumbua macho. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Adelard, moja kwa moja, jambo alilokatazwa.

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Vero akaacha kutabasamu.

"Ng'ombe," alisema Kokubanza.

Kengele ya sahihi ikalia. Adelard akapiga makofi, peke yake, mara tatu, na ukumbi ukamfuata. Benitha alipiga pia.

Mtoto alimaliza thelathini zote.

Likabaki swali la kufikiri, la kuufunga mchezo. Vero akalisoma kwenye kadi. "Watoto watatu wamekaa ndani. Mmoja wao amekula ndizi ya mgeni. Wa kwanza anasema, aliyekula ni wa pili. Wa pili anasema, siyo mimi. Wa tatu anasema, siyo mimi. Anayesema kweli ni mmoja tu. Nani kala ndizi? Una nusu dakika."

Hakuitumia yote.

"Wa tatu."

"Kwa nini?"

"Kama ni wa kwanza, wale wawili wote wanasema kweli. Kama ni wa pili, wa kwanza na wa tatu wanasema kweli. Ni wa tatu peke yake anayefanya mkweli awe mmoja."

"Umejuaje haraka hivyo?"

Kokubanza akainua mabega. "Wote walikuwa wamesema. Ingekuwa mmoja amenyamaza, nisingejua."

Ukumbi ulilipuka. Karatasi za rangi zikamwagika kutoka juu, binti wa Kiruruma akalia, Vero akamkumbatia mshindi, na katikati ya kelele zile Bwana Adelard akapanda jukwaani bila kuitwa. Hakuna aliyemzuia. Nani amzuie mfadhili?

Alichukua kipaza sauti cha Vero kama anayechukua kikombe cha chai.

"Wazazi wenzangu, leo Mabira imetoa mwanga! Na kwa kuwa mabasi ya Kyerwa yameshaondoka, mimi mwenyewe, kwa gari langu, nitampeleka huyu binti na mama yake mpaka mlangoni kwao. Leo hii! Au siyo haki yao?"

"Haki yaoooo!" ukumbi ukaitikia.

Wakapiga makofi. Walimu walipiga makofi. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Mkono wa Adelard ulikuwa umetua kwenye bega la Kokubanza, na vidole vilikuwa vimekaza. Benitha aliona kitambaa cha sare kimekunjamana.

Akatazama mlango. Dereva wa gari jeupe alikuwa ameshaingia, amesimama pale, funguo zinazunguka kidoleni.

"Mama mshindi!" Vero akaita, amepokea tena kipaza sauti. "Mama Kokubanza, karibu jukwaani utoe shukrani!"

Benitha akapanda. Ngazi zilikuwa nne. Na ndani ya ngazi nne zile alifikiri kuliko alivyofikiri kwa miaka mitatu.

Akikataa gari, ataambiwa ana kiburi. Watalala Omurushaka leo. Kesho je? Keshokutwa? Jumatatu mtoto atapita njia ya migombani, na ukungu utakuwepo. Akinyamaza, kitu kile kitabaki ndani ya kichwa kimoja kidogo, na kila mwenye haja ya kukifuta atajua pa kwenda. Mpaka sasa wanaokijua wanatosha kuingia kwenye gari moja.

Kipindi hiki kinatazamwa mpaka Bukoba. Mpaka Mwanza. Mpaka kwa watu ambao Adelard hawajui na hawamjui.

Basi wajue wote.

Na asiseme mtoto. Kama kuna mtu wa kuchukiwa kwa neno hili, awe mtu mzima.

Alipofika juu, kwanza alimshika Kokubanza mkono, akamvuta kutoka chini ya ule mkono mwingine, akamweka nyuma yake. Halafu ndipo alipopokea kipaza sauti.

"Asanteni," alisema. "Mimi ni Benitha, mke wa marehemu Projest wa Mabira. Gari sipandi."

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni mzaha wa mama wa kijijini. Adelard alicheka pia, kwa mdomo.

"Yule ng'ombe wa picha ya kumi na saba ni wa kwangu. Anaitwa Bugondo. Ana madoa tisa ubavu wa kulia, na pengo sikio la kushoto. Mume wangu alitoka naye nyumbani miaka mitatu iliyopita, akarudi ndani ya turubai. Tukaambiwa mto umemchukua yeye na ng'ombe. Sasa ng'ombe nimemwona. Amepigwa picha mwezi uliopita kwenye ranchi ya Bwana Adelard, amenenepa."

Hakuna aliyecheka.

"Zima," alisema Adelard, kwa ile sauti yake ndogo. Hakumwambia Benitha. Alimwambia Protase, aliyekuwa ameketi kwenye meza ya mitambo, kidole juu ya swichi. "Kijana, zima sasa hivi."

Protase alimtazama Adelard. Akatazama skrini kubwa nyuma ya jukwaa. Halafu alifanya jambo ambalo pengine lilimaliza kazi yake siku ile ile: aliitoa simu mfukoni, akaiunganisha, na picha ya kumi na saba ikatokea ukutani, kubwa kuliko nyumba, madoa yote yakihesabika. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama kwenye mstari wa tatu, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Adelard alikuwa amechagua ng'ombe mzuri kuliko wote aliokuwa nao. Hakukumbuka kwamba mzuri kuliko wote hakuwa wake.

"Umechanganyikiwa, mama," alisema. Sasa sauti haikuwa ndogo. "Unajua unamsema nani? Una shahidi? Ng'ombe si hati! Leta mtu mmoja aliyeona!"

"...saba, nane, tisa," alisema mzee, akakaa.

"Mtoto wangu hajui zaidi ya madoa," Benitha akasema kwenye kamera, akiitazama kama anavyomtazama mtu mwenye deni lake. "Asiguswe. Mwenye hasira aje kwangu, nyumba yangu inajulikana. Na kama yupo mtu hapa aliyekuwepo siku ile mtoni, nasema hivi: mimi sitamtafuta. Ajilete."

Dereva aliyekuwa mlangoni alisukumwa pembeni.

Mwesiga aliingia, shavu moja bado jekundu. Kofia ya pikipiki ilimdondoka, ikabiringika chini ya viti, hakuinama kuiokota. Alitembea kati ya mistari ya viti taratibu, na watu waliokuwa pembeni wakaondoa magoti yao apite.

"Mwesiga!" Adelard akafoka. "Rudi kazini!"

Mwesiga akafika kwenye ngazi. Alimtazama shemeji yake, akamtazama bosi wake, akawa kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Benitha hakujua atasema nini. Angeweza kusema kweli. Angeweza kusema tena kwamba mto uliwachukua wote wawili, na hapo yeye na mwanawe wangebaki peke yao mbele ya watu wote.

Alimnyooshea kipaza sauti.